Filamu ya historia ya vibonzo Tanzania: kanda za VHS zenye meno, na nianzie mwaka gani?

Mchora_Sinza
Wakuu, naandaa filamu ya makala, dakika 50, kuhusu historia ya vibonzo vya Tanzania. Kanda ni VHS zilizorekodiwa kwenye runinga. Baadhi zina vumbi jeupe. Nyingine nikisimamisha picha, mistari ya mchoro inatoka meno kama msumeno. Dawa yake nini? Na masimulizi nianzie wapi?

Fundi Deki
Zenye vumbi jeupe usizitie kwenye deki. Huo ni ukungu, na kwa joto na unyevu wa Dar unastawi haswa. Kanda moja tu ikichafua hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma kanda), zote zitakazofuata zinaambukizwa. Funga kila moja kwenye mfuko wake na silika jeli (vipakiti vya kunyonya unyevu) mpaka isafishwe. Hedi unaisafisha kwa alkoholi ya isopropili 99% na kipande cha ngozi laini: ngozi itulie, ngoma, yaani silinda inayobeba hedi, ndiyo uizungushe kwa mkono. Ukisugua juu-chini, umeivunja.

Kuhamisha: deki yenye S-Video (tundu linalotoa picha safi zaidi), kisha taimu besi korekta, kifaa cha kutuliza picha inayoyumba (mafundi huiita TBC, si ile televisheni), ndipo kompyuta. Hifadhi 720×576, fremu 25 kwa sekunde, kodeki (njia ya kubana video) FFV1. Bila kubana, saa moja hula kama GB 75. FFV1 inapunguza bila kupoteza kitu.

Fremu25
Kuhusu meno, usikimbilie kuwasha kichujio cha kuyaondoa. Kila fremu ya video ni nusu-picha mbili, moja ikibeba mistari ya shufwa, nyingine ya witiri. Kibonzo kilichopigwa fremu moja moja kina nusu-picha mbili za wakati mmoja, hivyo hakistahili kuwa na meno. Yakionekana, mara nyingi nusu-picha zimepishana tu. Zipange upya kwa kichujio cha fieldmatch cha ffmpeg, programu ya video. Yadif, kile kichujio cha kuondoa meno, itakutupia nusu ya mistari, na mistari ndiyo mchoro wenyewe! Ibakize kwa maandishi yanayotembea na vipande vya studio. Na tafadhali, 4:3 ibaki 4:3: ukikuza kwenda HD iwe 1440×1080, msiwanenepeshe wahusika.

Kibonzo Halisi
Usianzie kwenye runinga. Zanzibar iliipata 1973, bara 1994, kwa hiyo kumbukumbu za bara ni fupi. Anza na katuni za magazetini na mchoraji Edward Tingatinga, aliyeanza kuchora picha zake Dar 1968. Hapo utagusa Tinga Tinga Tales, vibonzo vya runinga vya watoto: mtindo wa kwetu, lakini imechorwa Nairobi. Je, ni historia yetu? Mimi ningeipa dakika tano nzima, ugomvi huo ndio utamu. Ndipo ufike Ubongo Kids, kipindi cha vibonzo vya elimu, 2014.

Kibali cha Bodi ya Filamu chukua kabla ya kupiga picha. Idhini ya kila kipande iwe ya maandishi, na muziki uombewe peke yake; mwenye picha si lazima awe mwenye wimbo.

Mchora_Sinza
Fieldmatch imekubali, meno yameisha. Zile za ukungu nimezitenga.