Naomba ushauri: riwaya ya maisha ya babu, nichape nakala 500 au 1,000?

Binti wa Misungwi:
Wakuu habari zenu. Niko Mwanza, naomba msaada kwa waliowahi kuchapisha kitabu kwa pesa zao mfukoni. Nimeandika riwaya ya kihistoria iliyotokana na maisha ya babu mzaa baba. Alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba huku Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Muswada umekamilika. Mchapaji wa Dar anasema nikichapa 1,000 bei ya nakala moja inashuka sana kuliko nikichapa 500. Usingizi sipati. Nichape ngapi? Na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, naipataje? Naombeni nisitukanwe.

Sangara Mkavu:
Elfu moja kwa Watanzania hawahawa wanaoishia kwenye kichwa cha habari? Andika kitabu cha namna ya kupata mkopo wa halmashauri, zitaisha kabla ya saa sita.

Mama Kirumba:
Mdogo wangu, ISBN unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na ukishachapa unawapelekea nakala zao, ni sheria. Kuhusu idadi, uchapaji wa ofseti unakula pesa kwenye kuandaa pleti, yaani bamba za kuchapia, ndiyo maana ukiongeza nakala bei inashuka. Lakini maboksi yakilala chini ya kitanda masika mawili, karatasi ikaanza kujikunja na panya wakaingia, huo unafuu huuoni tena. Chapa 50 au 100 kwa dijitali. Uza kwenye kikoba, kanisani, kwa ndugu. Wa mikoani watumie kwa basi pale Nyegezi. Zikiisha ndiyo uwaze ofseti.

Mtoto wa Igoma:
Uzi umenigusa. Baba yangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nina madaftari nimeandika tangu sekondari: sauti ya redio ile asubuhi, majirani wanavyoingia bila kubisha hodi, mama anavyokunja na kukunjua shati moja hilohilo. Mama hataki kusikia habari ya kitabu. Kila nikigusia anaondoka kwenda jikoni. Kwa hiyo ushauri sina, nimekaa hapa nasoma majibu yenu.

Karani Mstaafu:
Binti, nimefanya kazi ushirika maisha yangu yote. Karani wa mizani wa nani? Miaka hiyo kulikuwa na wa mnunuzi, na wakulima nao wakaweka wapimaji wao wamsimamie, maana walikuwa wanapunjwa ratili, kipimo cha uzito cha enzi hizo. Kwenye mizani hiyohiyo ndipo vyama vya ushirika vya akina Paul Bomani vilipopatia nguvu, hadi VFCU, muungano wa vyama hivyo, ikaundwa 1955. Ukinijibu nitajua riwaya yako ni ya upande gani.

Binti wa Misungwi:
Wa mnunuzi. Ila shikamoo mzee, sioni hilo linahusiana vipi na idadi ya nakala.

Karani Mstaafu:
Marahaba. Linahusiana. Alipunja?

Binti wa Misungwi:
Ndiyo. Sikutaka kuliweka hapa lakini basi.
Babu aliacha daftari. Kila ukurasa una majina ya wakulima. Kwa wino wa bluu ameandika ratili walizolipwa, pembeni kwa penseli ratili za kweli. Kuna mama alileta 94, akalipwa 81. Ameeleza mpaka namna yake: gunia likining'inia kwenye mizani unasogea kama unalishika lisiyumbe, kisha unaliinua kidogo kwa goti. Aliacha ile kazi 1953 akajiunga na ushirika wa Nyanza, akawa mwanachama mwaminifu hadi anakufa 1984. Nyumbani tumekua tukiambiwa babu alipigania wakulima.
Jina la babu nimelibadilisha. Majina ya wakulima nimeyaacha yalivyo. Mtu aibiwe pamba yake, halafu na jina nimfutie?
Daftari analo shangazi. Alinionyesha, baadaye akasema lisitoke nje ya mji wake. Nilikuwa nimeshalipiga picha kwa simu. Na mchapaji nimeshamlipa nusu, ya nakala 1,000.

Sangara Mkavu:
Kumbe ulishalipa! Sasa sisi tunashauri nini hapa?

Bibi Nansio:
Mwanangu, shangazi ni baba yako wa kike. Akisema lisitoke, halitoki. Hizo pesa zitapatikana nyingine. Na haraka ya nini? Mzee Aniceti Kitereza wa huku kwetu Ukerewe alimaliza muswada wake 1945, ukachapwa 1980.

Sangara Mkavu:
Na mwaka uliofuata akafariki, bibi. Huo mfano unamwambia awahi.

Sheria Kidogo:
Matukio hayana mwenyewe. Kwamba karani fulani alipunja mizani, yeyote anaweza kuandika. Maneno ya babu kama alivyoyaandika ndiyo yenye hakimiliki, na kwa sheria yetu ya 1999 inadumu uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Alikufa 1984, kwa hiyo bado iko kwa warithi wote, siyo shangazi peke yake wala wewe peke yako. Je, umenakili kurasa za daftari neno kwa neno?

Binti wa Misungwi:
Sura moja, ndiyo. Ndiyo sura bora ya kitabu. Kuitoa siwezi.

Nasema Ukweli:
Mods fungeni. Hii ni chai. Mwaka 1953 Nyanza ilikuwa wapi? Mzee hapo juu kashasema VFCU yenyewe ni 1955, na jina la Nyanza limekuja baadaye kabisa. Akaunti mpya, babu mwizi, daftari la siri, shangazi mkali. Ukurasa wa pili tutawekewa namba ya kulipia oda.

Mtoto wa Igoma:
Hata mimi nimeanza kusita. Na mimi nimeweka habari za mama yangu hapa.

Binti wa Misungwi:
Siuzi chochote. Daftari linasema "chama" tu. Nyanza nimeliandika mimi kwenye riwaya kwa kuwa ndilo jina nililokua nalisikia nyumbani. Nitalirekebisha. Ila babu yangu siyo chai.

Karani Mstaafu:
Nasema Ukweli, tulia kwanza. Binti, mbali na ratili, kuna alama gani nyingine kwenye kila mstari?

Binti wa Misungwi:
Kuna herufi S au F. Nilidhani F ni "female", mwanamke kwa Kiingereza, lakini wanaume nao wana F.

Karani Mstaafu:
Safi na fifi. Madaraja ya pamba. Angalia kama kuna majina yenye F nyingi kuliko wenzao. Pamba safi ukiiandika fifi unampunja mtu mara ya pili bila kugusa gunia.

Nasema Ukweli:
Hayo yote yapo mtandaoni. Mimi sijashawishika.

Binti wa Misungwi:
Mzee, nimefungua picha sasa hivi. Yule mama wa ratili 94 ana F msimu mzima, na ukurasa wa mwisho babu ameikata F kwa mstari wa penseli akaandika S juu yake. Hili kwenye muswada halimo, sikulielewa.
Nimemwandikia mchapaji asitengeneze pleti. Jumapili naenda kwa shangazi na muswada, nimsomee sura ya mizani mwenyewe. Majina ya wakulima nitamwomba yabaki. Akikataa tutabishana, lakini nitakuwa nimemsomea.

Bibi Nansio:
Nenda na sukari na kitenge. Na picha za kwenye simu umwambie kabla hajauliza.

Mtoto wa Igoma:
Mama Kirumba, hiyo dijitali ya nakala 50 inafanyika Mwanza au mpaka Dar?

Mama Kirumba:
Wapo hapahapa mjini. Njoo inboksi.