Moto ukiingia kinamasi cha Ondiri, nani atauzima?

Mkazi wa Kawangware:
Mto Nairobi unaopita hapa kwetu chanzo chake ni Ondiri, kule Kikuyu, kaunti ya Kiambu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili majanga, na wengi husema basi, kaunti iongeze magari ya zimamoto. Mimi napinga.

Chini ya nyasi za Ondiri kuna mboji: mimea iliyolundikana majini miaka na miaka bila kuoza ikaisha. Ukiikanyaga, ardhi inanesa. Mboji ikikauka ni kuni. Moto huzama ukala chini kwa chini hata majuma kadhaa, na juu huoni ila majivu na uzi wa moshi ukitoka ufani. Gari la zimamoto halifiki hapo, litatitia.

Indonesia ilikiona cha moto mwaka 2015: hekta zipatazo milioni 2.6 ziliungua, karibu theluthi moja yake za mboji. Mwaka uliofuata serikali iliunda wakala wa kuirudishia mboji maji kwa kuziba mifereji iliyoikausha, na kanuni ya nchi hiyo imeweka kikomo: maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi. Huko ndiko kujiandaa. Pesa za kaunti ziende kwenye kupima maji, kuwalipa majirani wanaolinda kinamasi, na kudhibiti pampu wakati wa kiangazi.

Mkulima, Kikuyu:
Mwanangu, nyanya na sukuma unazonunua huko zinanyweshwa na pampu hizo hizo. Ukizifunga, watoto wangu watakula nini? Tena moto ukiwaka unataka tuingie na ndoo? Mguu ukitumbukia kwenye makaa yaliyojificha, nani atanitibu?

Mkazi wa Kawangware:
Hilo la mguu ni kweli kabisa, mama, na sitaki mtu aingie bila mafunzo wala buti. Pampu nazo zisifungwe mwaka mzima. Ziwekewe zamu maji yakishuka chini ya alama ya kupimia itakayochomekwa kinamasini, na Nairobi ichangie fidia pamoja na Kiambu, kwa maana mto tunautumia sisi. Machi 2019 mataifa yalikutana hapa Nairobi, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, yakapitisha azimio la kuhifadhi ardhi za mboji. Kutoka Gigiri hadi Ondiri ni matatu mbili tu. Kabla ya Januari, jua likianza kuwaka, nani kati ya wawakilishi wadi wetu ataenda kuichomeka hiyo alama ya maji?