Nyumba ya urithi Ujiji: tunataka kubadilisha mbele, tuanzie ofisi gani?

Mjukuu wa Rusimbi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Tuna nyumba ya babu Ujiji, mitaa ile ya zamani, mwendo mfupi tu kutoka makumbusho ya Livingstone. Kuta ni za udongo, nene kiasi kwamba ukipitisha mkono dirishani kiwiko bado kiko ndani. Mbele kuna baraza, bati limeoza, na mlango wa kuchongwa ambao wageni husimama kuupiga picha.

Familia tumekubaliana nyumba ianze kuingiza chochote. Mpango ni kuvunja baraza, kutoboa fremu mbili za biashara upande wa barabara, kuweka madirisha ya alumini, kupandisha ukuta wa mbele ufiche bati kama nyumba za siku hizi, kisha nje kote plasta ya saruji. Mlango kuna jamaa wa Dar anautaka, na hela aliyotaja inanunua bati lote na chenji inabaki.

Fundi anasema tuanze tu, kibali ni cha nyumba mpya. Mjomba anasema nyumba za kale haziguswi kabisa. Nani yuko sahihi? Tuanzie mtaa, manispaa au Mambo ya Kale?

Kamba Mguuni

Mkuu, nyumba ya babu yako unaiombea ruhusa kwa nani? Ujiji siyo Mji Mkongwe wa Zanzibar. Shusha tripu ya mchanga Ijumaa jioni, hadi Jumatatu ukuta umesimama. Ndivyo watu wanavyojenga.

Mchora Ramani

Mjukuu, ushauri wa hapo juu ndio unaojaza X nyekundu za kubomolewa kwenye kuta za watu. Nimefanya kazi za mipango miji miaka mingi kabla ya kustaafu, ngoja nikuelekeze.

Fundi wako kakosea. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haizungumzii nyumba mpya peke yake. Kutoboa ukuta wa mbele, kuvunja baraza, kuinua ukuta, zote ni kazi za uendelezaji na zinataka kibali cha halmashauri. Tena wewe una mambo mawili ndani ya moja: unabadili jengo, na unabadili matumizi kutoka makazi kwenda biashara. Hilo la pili lina ombi lake. Wengi wanapata kibali cha ujenzi, wanafungua duka, halafu wanashangaa kuambiwa kiwanja bado ni cha makazi.

Mjomba naye kazidisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linalindwa likitangazwa rasmi. Burton na Speke, wale wapelelezi Waingereza, walipofika Ujiji mwaka 1858 mji ulikuwa tayari kituo cha misafara, kwa hiyo umri wa nyumba si swali la kupuuza, ingawa nyingi zilizosimama leo ni za baadaye. Na hata jengo lililolindwa hukarabatiwa, ila kwa idhini.

Sasa MLANGO. Hapa ndipo ningekuwa wewe ningesimama kwanza. Sheria hiyohiyo inataja milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940. Haijalishi nyumba ina umri gani, mlango unajitegemea. Kuutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa, na huyo jamaa wa Dar sidhani kama anautaka kwa ajili ya chumba chake cha kulala. Usiung'oe, na usipokee hata shilingi ya utangulizi, mpaka upate neno la Malikale, yaani hao hao Mambo ya Kale uliowataja, kwa maandishi.

Dada wa Mwanga

Kabla ya yote hayo, kaka, nyumba iko kwa jina la nani? Maana umesema "familia tumekubaliana", na mimi nikisikia hivyo najua mirathi haijafunguliwa.

Mjukuu wa Rusimbi

Dada umepiga penyewe. Bado jina la babu. Kuna baba wadogo wawili na shangazi yuko Bujumbura.

Dada wa Mwanga

Basi ofisi yako ya kwanza ni Mahakama ya Mwanzo. Kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, kila mtu asaini akiwemo shangazi, mpendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imteue. Huyo ndiye atakayesaini maombi. Ukienda manispaa na michoro mizuri halafu mwombaji ni marehemu, faili halitoki mezani. Na shangazi asipoulizwa leo, ataweka pingamizi siku mnafungua fremu. Nimeona undugu ukifa kwa jambo hilihili.

Mchora Ramani

Dada kamaliza. Akishateuliwa msimamizi, piteni kwa mtendaji wa mtaa apate kuwajua na kuwaandikia barua, kisha afisa mipango miji wa manispaa. Msiende na michoro iliyokamilika. Nendeni na picha na mchoro wa mkono, mwulize: eneo hili limepangwa kuwa nini, na je jengo au mtaa huu una ulinzi wowote wa kihistoria? Maswali hayo yaandikeni kwa barua, nakala ipelekeni Malikale. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone mnaweza kuuliza barua iende kwa nani. Mkishajibiwa ndipo mlipe mchoraji aliyesajiliwa. Ukianza na mchoraji, utamlipa mara mbili.

Kwenye michoro, wekeni sura ya mbele ilivyo sasa na itakavyokuwa, kwenye karatasi moja. Afisa akiona tofauti kwa jicho, maswali yanapungua.

Fundi Chokaa

Nawasoma tu. Mimi nazungumzia ukuta, maana kibali mtapata lakini nyumba inaweza kuwaangukia.

Plasta ya saruji juu ya udongo ni kuivisha nyumba koti la mvua kwenye joto. Unyevu unapanda kutoka chini, hauna pa kutokea, udongo unalainika nyuma ya plasta. Masika mbili tatu unagonga ukuta unasikia uwazi, halafu kinadondoka kipande kizima na udongo wake. Tumia chokaa na mchanga.

Baraza msivunje. Hilo ndilo linalozuia maji ya mvua yasipige mguu wa ukuta. Kuficha bati nako kwa nyumba ya udongo siungi mkono hata kidogo: maji yanakusanyika kwenye gata la ndani, majani ya mwembe yanaliziba, ukuta unalowa kutoka juu bila nyie kujua. Bati litokeze nje vizuri.

Fremu: msipanue madirisha kwenda pembeni. Shusheni kizingiti cha dirisha mpaka sakafuni, upana ubaki uleule, linteli ya zamani, ile boriti ya juu ya dirisha, mkikuta nzima iendelee kubeba. Mnapata mlango wa duka bila kukata ukuta unaoshika paa. Shata ziwe za mbao.

Kamba Mguuni

Haya, hapo kwenye linteli nimekuelewa. Ila mkubali kwamba mteja wa vocha hafuati shata za mbao.

Fundi Chokaa

Mteja wa vocha anafuata kivuli, ndugu yangu. Baraza analo.

Mjukuu wa Rusimbi

Shukrani sana wakuu. Jamaa wa Dar nimemwambia asubiri, akakata simu. Shangazi nimempigia, anakuja, ila ameshasema fremu moja iwe yake.

Fundi, swali dogo: mlango chini umeliwa na mchwa, upande wa bawaba. Naweza kukata kipande kile nikaunga mbao mpya wakati tunasubiri?

Fundi Chokaa

Usikate. Ondoa udongo uliogusana na fremu pale chini, maana mchwa anapitia hapo, na rangi ya mafuta usipake. Piga picha mbele na nyuma, weka rula pembeni ya sehemu iliyoliwa, uziambatanishe na barua ya Malikale. Wakikubali ukarabati, tafuta mninga mkavu, uungwe kwa kiungo cha mbao. Msumari utapasua nakshi.