Naomba ushauri: majibu ya kinyama cha ovari yametuacha njia panda, tupo Moshi

Habari wakuu, hasa madaktari na wauguzi mliomo humu.

Dada yangu mkubwa alishakoma hedhi, kisha damu ikaanza kutoka upya. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Kipimo cha damu cha CA-125 kikaja cha kawaida, ndugu tukashangilia. Kumbe hicho husaidia zaidi kwa saratani ya ovari ya aina iliyozoeleka. Uvimbe wa seli za granulosa (aina adimu ya saratani ya ovari), ambao mara nyingi hutoa homoni ya estrojeni (ndiyo inayoweza kurudisha damu), unaweza kukipita kimya kimya. Huo hufuatiliwa kwa kupima damu homoni iitwayo inhibini B.

Ameshafanyiwa upasuaji. Majibu ya maabara yanasema yawezekana ni granulosa, ila wanataka kinyama kipimwe tena kwa rangi maalumu ndipo wathibitishe. Hapo tumekwama.

Je, vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta tunaruhusiwa kuviomba tuvipeleke wenyewe KCMC au Muhimbili, au lazima hospitali ziandikiane? Inhibini B inapimwa wapi nchini, au sampuli husafirishwa nje? Na bima inagusa chochote hapo?

Mama anasema uvimbe umetoka, tumshukuru Mungu, mengine tuache. Simlaumu, kachoka. Ila aina hii huweza kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi, kwa hiyo sikubali faili la dada libaki na "yawezekana". Aliyepitia haya anielekeze, hata kwa faragha.