Naishi nyumba ndogo ya sola (sio ile mnayoiwaza), inveta inazima kila saa nane usiku

Kijana wa Kontena:
Wakuu habari za muda huu. Kodi za mjini zilinishinda nikanunua kontena la futi 20 nikaliweka kiwanjani kwangu huku Mkuranga, nimekata madirisha mawili na mlango, ndo tunaishi humo mimi, wife na mtoto mmoja. Nikiwaambia watu nimehamia nyumba ndogo wanacheka, wife naye anacheka ila sio sana.

Nguzo ya umeme ya karibu ipo kama kilomita mbili kwa hiyo nikafunga sola. Paneli moja ya wati 250, betri ya maji N100, kontrola (ya kusimamia chaji ya betri) na inveta ya wati 1000 (inayogeuza umeme wa betri uwe wa vifaa vya kawaida). Vinaendesha friji ndogo ya lita 90, feni ya meza, TV, taa nne na kuchaji simu. Mwanzoni mambo yalikuwa safi kabisa, sasa hivi ikifika saa nane usiku inveta inalia piiiii afu inazima, feni inakata, mtoto anaamka analia, na asubuhi maziwa nakuta yamechacha. Nimeazima mita nikapima betri saa kumi na mbili asubuhi nikakuta volti 11.2. Fundi anasema betri imechoka ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela nyingine, ni betri kweli?

Mzee wa Luku:
Subiri umeme ufike mkuu acha kujitesa. Kontena lenyewe kwa joto la Pwani ni oveni.

fundi_waya:
Mkuu usinunue chochote kwanza. Panda juu geuza paneli usome kile kibandiko cha nyuma, kuna sehemu imeandikwa Vmp na Imp, yani volti na ampia za paneli ikiwa kwenye nguvu yake ya juu. Afu angalia kontrola ni PWM au MPPT. Na swali la mwisho jibu kwa ukweli, hiyo friji ilikuwepo tangu siku ya kwanza?

Kijana wa Kontena:
Vmp 30.4, Imp 8.22. Kontrola ni PWM ya ampia 30. Friji imekuja mwezi wa nne, hapo kweli fundi sikumwambia 😅

fundi_waya:
Haya, tumempata mwizi, tena wako wawili.

Wa kwanza ni ndoa ya hiyo paneli na hiyo kontrola. PWM haibadilishi kitu, inaiunganisha paneli na betri moja kwa moja kwa hiyo paneli yako ya volti 30 inaburutwa inashuka mpaka volti ya betri, kama 13 hivi, wakati ampia zinabaki zile zile 8. Piga hesabu, 8.22 mara 13 unapata wati 107. Yani ulilipia 250 unakula 107, nyingine hazifiki kwako kabisa. MPPT ndo inayozishusha volti na kuzigeuza kuwa ampia.

Wa pili ni matumizi. Kwa jua la huku tuseme masaa matano mazuri kwa siku, 107 mara tano ni kama wati-saa 535. Sasa angalia unachotumia: friji kwenye joto hilo weka 700 kwa siku, feni wati 45 usiku mzima masaa nane ni 360, TV 160, taa 100, na inveta yenyewe hata kama haijachomekwa kitu inakula kama wati 10, mchana na usiku hiyo ni 240. Jumla 1560. Unaingiza 535 unatoa 1560, hapo hata ununue betri tatu zote zitakufa tu, ni kama kujaza ndoo iliyotoboka.

Na betri nayo fundi hajadanganya, imeumia. Hiyo N100 ni ya kuwashia lori, haipendi kushushwa chini ya nusu, na volti 11.2 maana yake kila siku unaikausha. Hebu niambie ipo wapi?

Kijana wa Kontena:
Chini ya kitanda.

fundi_waya:
ITOE LEO. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka, na kwenye kontena hewa haizunguki. Weka nje kwenye boksi lenye matundu, kivulini. Ukikuta maji yamepungua ongeza maji safi ya betri, sio asidi.

Mama Korosho:
Kaka pole, mi niko Kisarawe mwaka wa tatu huu sijui bili ya umeme. Nikuambie nilivyofanya na friji kwa sababu ndo inayoua watu. Nilijaza maji chupa za lita moja na nusu sita nikazipanga ndani, mchana jua likiwaka friji inafanya kazi zinaganda kuwa barafu, saa moja jioni nazima friji kabisa na hamna ruhusa ya kufungua fungua. Asubuhi barafu bado ipo katikati ya chupa na maziwa mazima. Watoto walinuna wiki ya kwanza wakazoea.

Feni ya meza igawe, tafuta feni ya DC ya volti 12, inakula kama wati 15 na unaichomeka moja kwa moja kwenye kontrola, kwa hiyo usiku inveta unazima yote. Taa nazo hivyo hivyo.

Boss wa Kajiado:
Niko upande wa Kenya, mimi pia naishi kwa kontena na stima haijafika huku. Huyo mzee wa oveni hajakosea lakini dawa iko. Nilisimamisha nguzo nikaweka bati juu ya kontena nikaacha nafasi kama futi mbili upepo upite katikati, joto ikashuka mpaka feni natumia tu mchana. Paneli zikae juu ya hiyo bati, ziinuliwe kidogo zisiguse, paneli ikipata moto sana inapunguza nguvu. Zielekee kaskazini na mteremko kiasi ndio mvua isafishe vumbi. Na waya wa kutoka paneli uko size gani? Wengi wanawekewa ya taa, milimita za mraba 1.5, halafu mita kumi na tano, hapo unapoteza wati ishirini na kitu njiani bure.

fundi_waya:
Boss umemaliza. MPPT chukua ya ampia 40 ili ukiongeza paneli ya pili isizidiwe. Na uwe macho, zipo zimeandikwa MPPT ubavuni ndani ni PWM tupu. Ya kweli ina koili kubwa ndani, ukiishika ni nzito, ile feki nyepesi kama rimoti.

Kijana wa Kontena:
Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita. Nimeweka MPPT, waya wa 6, feni ya DC, chupa za mama Korosho na betri iko nje. Afu jana nimekaa chini ya mkorosho napiga stori na jirani nikaona kivuli cha tawi kinaipanda paneli kuanzia saa tisa mchana, miezi yote hiyo sikuwahi kukiona maana mchana nakuwaga kazini! Nimelikata. Leo asubuhi betri inasoma 12.1 na haikuzima usiku. Paneli ya pili mwisho wa mwezi, bati la juu baada ya mavuno.

Shida mpya ni wife, anataka blenda.

fundi_waya:
Asage saa sita mchana. Usiku mwambie kinu kipo.

Mama Korosho:
Wewe fundi una mke kweli?