Programu inaficha data ya duka, halafu tunaambiwa tulipie "marekebisho"!

Wakuu, nimechukia sana. Dukani tunatumia programu ya mauzo, tumeinunua kwa hela ya maana. Kwenye mipangilio yake njia ya data (yaani anwani ya faili ndani ya kompyuta) imeandikwa data/mauzo.db, basi. Fundi wao akaja, akaigeuza iwe huduma ya Windows inayojiwasha yenyewe. Kesho yake programu inafunguka tupu, kana kwamba hatujawahi kuuza hata kiberiti!

Data haikupotea. Huduma ya Windows kwa kawaida huanzia C:\Windows\System32. Programu ikatafuta folda ya data humo, haikuiona, ikaunda mpya kimyakimya. Hivi developa mzima hajui kwamba njia isiyo kamili huunganishwa na folda ambamo programu imeanzishwa, si ile iliposakinishwa? Linux ni hivyo hivyo: cron, yaani kipanga-ratiba cha kazi zinazojiendesha zenyewe, huanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji, ndiyo maana skripti inakubali ukiiendesha mwenyewe, ikifika usiku inakwama.

Nikapiga simu, naambiwa "weka C: mbele". Jamani! C:mauzo.db si C:\mauzo.db. Ya kwanza huhesabiwa kuanzia folda iliyo wazi wakati huo kwenye diski C, urithi wa enzi za DOS. Anayelipwa kwa kazi hii anatakiwa alijue hilo.

Na watu wa Linux msicheke. Alama ~ ni kifupi cha folda yako ya nyumbani. Programu ikisoma ~/nakala kwenye mipangilio bila kuipanua kuwa njia kamili, inaunda folda yenye jina ~ hapo hapo ilipo, kwa sababu kupanua alama hiyo ni kazi ya shell, ile programu inayopokea amri unazoandika. Ukiikuta, usiifute kwa amri ya kufuta rm -r ~, maana shell itaipanua na utafuta folda yako yote ya nyumbani. Andika rm -r ./~

Tunachodai ni kidogo. Programu ikiwaka, ihesabu njia kuanzia lilipo faili la mipangilio, iandike njia kamili kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu zake. Hifadhidata isipoonekana, isimame na kusema imeitafuta wapi. Kuunda nyingine tupu mbele ya mteja mwenye mauzo ya miaka ni dharau.

Sasa wanataka tulipe tena ili wabadilishe mstari mmoja. Aliyewahi kubanwa hivi aseme, mkataba aliutumiaje kuwalazimisha warekebishe bure?