Tupeane uzoefu: kabla ya pedi za dukani ulitumia nini?

MamaZuhura
Binti yangu kanuna leo eti pedi nilizoleta hazina mabawa. Nikakumbuka mbali jamani. Nimevunja ungo 1988, bibi akachana kanga kuukuu, akanionyesha kukunja na kupitisha kwenye uzi wa kiunoni, huku nyuma huku mbele. Nyie je?

Mpwani
Sodo hizo. Sisi kitambaa na pini.

Bwenini94
Sijawahi kusimulia hii. Fomu tuu, bweni, matroni alikuwa anachoma vitambaa akivikuta kwenye kamba, basi tunaanika chini ya godoro, havikauki, unavaa hivyo hivyo vibichi. Siku hiyo nikaitwa ubaoni, hesabu, mwalimu mwanaume, kitambaa kikachomoka kikadondoka sakafuni. Nikakikanyaga. Nikaendelea kuandika namba ambazo hata sizijui, chaki inanivunjikia mkononi. Mara deskmeti wangu huyooo chini, anapiga kelele tumbo tumbo, darasa zima likamgeukia, nikaokota nikatia kwenye soksi.

Mpwani
Nimelia 😭

Mzee_Baba
Haya ni ya kungwi na mwali, ya nini kuanika hapa?

Dada_K
Shemeji, kodi ya pedi hapa Tanzania iliondolewa 2018 na kurudishwa 2019 bungeni, hapo kungwi alikuwepo? Kenya wamefuta tangu 2004.

MwenyeDuka
Ila bei haikushuka kweli, tuseme ukweli.

Dada_K
Si wangewabana wauzaji, kosa la mtoto wa shule liko wapi?

NesiMstaafu
MamaZuhura, uzi wa bibi haukuwa ushamba. Vita ya kwanza ya dunia manesi waliona zile bandeji za nyuzi za mti zinanyonya kuliko pamba, wakazitumia wenyewe, baadaye 1920 pedi ya Kotex ikaingia sokoni Marekani, nayo ilifungwa kwa mkanda kiunoni! Za kubandika kwa gundi zimekuja miaka ya 70 hivi. Anayetumia kitambaa aanike juani, kikauke kabisa.

Mpwani
Na aloweke maji baridi na chumvi kwanza, ya moto yanagandisha damu.

Fatma_wa_Bara
Nunueni kikombe cha hedhi muachane na kufua.

Mpwani
Kikombe kinataka kuchemshwa, huko bwenini jiko la nani?

MamaZuhura
Bwenini94, huyo deskmeti yuko wapi sasa?

Bwenini94
Yupo Morogoro. Nimempigia sasa hivi, anasema alijigonga kiwiko kweli, kovu analo.